Zamu ya Watiri

Mama Gathogo, jirani wa ng'ambo ya kijito, anasema mambo yalikuwa hivi. Siku mke wa Kingori alipojifungua, yule bibi Mzungu aliteremka Nyeri mjini kwa gari la kukodi, akaingia wodi ya akina mama na maua mkononi kama mtu anayekwenda harusini, akamtwaa mtoto kutoka kitandani akampakata. Nesi akamwambia, Shosho, bibi yangu, saa za kuona wagonjwa zimeisha. Bibi akakataa kumrudisha. Akasema hamweki chini mpaka aambiwe kwamba mtoto huyo ni yeye. Ati machozi yakamtoka, yakamdondokea mtoto kwenye paji la uso, na mama wa mtoto akaona kumbe ubatizo umeshafanyika, hakuna la kuongeza.

"Sasa mtu angefanya nini?" Mama Gathogo huuliza hapo, mikono ikiwa hewani. "Mtoto ako kwa mikono ya mwenyewe tayari. Utamnyang'anya mzee?"

Anasimulia vizuri, Mama Gathogo. Kila akirudia, maua yanaongezeka. Ila siku hiyo alikuwa soko la Wamagana tangu asubuhi mpaka jua likageuka, na Watiri anajua, kwa sababu ndiye aliyenunua kwake njahi, yale maharagwe meusi ya kumpikia mzazi arudishe damu. Mama Gathogo hata alimwongezea konzi moja ya bure.

"Chukua, Watiri," alimwambia. "Leo umezaliwa."

Hata hivyo Watiri angependa hadithi hiyo iwe kweli. Kama bibi angekuwa amelinyakua jina kwa nguvu, basi mtu angejua amchukie nani, akamchukia vizuri, akalala.

Kwa maana huku Tetu, ilipo Wamagana, jina la mtoto halichaguliwi kwa kupendeza. Linangoja zamu. Binti wa kwanza ni mama yake baba. Wa pili ni mama yake mama. Wa tatu ni dada yake baba. Na si kwamba mtoto anakumbusha tu. Ni mtu mwenyewe amekuja tena, amejileta akiwa mdogo, na wajina wake mkubwa akimwona njiani hujiona. Kingori, kaka yake Watiri, alimpa binti wake wa kwanza jina la marehemu mama yao, Wangui, na hadi leo akimkaripia mtoto huyo kwa kuchezea matope humalizia na "mama", sauti ikiwa imeshuka. Wa pili aliitwa Mbeti, kama mama yake Nyawira, yule muuza nyanya wa Kagio. Mbeti mkubwa alikuja kumwona wajina wake akamfunika leso mpya, akacheza uani mpaka kiatu kimoja kikakatika kamba. Watiri alisimama kando akipiga makofi, na moyoni akajiambia, anayefuata ni mimi.

Kingori alikuwa ndugu yake wa pekee. Watiri mwenyewe hakuwa na mtoto, na daktari mmoja wa Nyeri alikuwa amemwambia kwa upole kwamba asikae akimngoja. Naye Nyawira, mke wa Kingori, mimba ya tatu ilipomchosha alitangaza mbele ya watu kwamba huyu akitoka, amefunga duka. Kwa hiyo duniani palikuwa pamebaki nafasi moja tu ya kuwapo Watiri mwingine, na nafasi hiyo ilikuwa tumboni mwa wifi yake.

Kungoja hakukumsumbua. Alipomaliza darasa la nane aliambiwa angoje Kingori asome kwanza. Akangoja, na Kingori alipomaliza hakuna aliyekumbuka kwamba kuna mtu bado anangoja. Basi mara hii alingoja akifuma. Alifuma sweta ya zambarau yenye kofia na vifungo vya mbao, akaifumua na kuirudia kwa sababu kola haikumridhisha. Mtu hawezi kujivika mwenyewe kitu chenye kola mbaya.

Mzazi aliporudi nyumbani, akina mama walijaa jikoni mwake na uji na kuni. Desturi ni mmoja wao kuuliza, na Mama Gathogo ndiye aliyeuliza.

"Haya, tuambieni. Ni nani huyu ametutembelea?"

Wote wakamgeukia Watiri wakitabasamu. Mkono wake mmoja ulikuwa tayari ndani ya kiondo, umeshika sweta.

Nyawira akamrekebishia mtoto ziwa. "Ni Shosho Marlys," akasema.

Mwiko wa Mama Gathogo ukasimama ndani ya uji.

"Marlys gani?" akauliza Mama Gathogo, kana kwamba Wamagana imejaa akina Marlys.

"Huyo wa nyumba ya kanisa. Si mnamwona? Hana mtoto, hana mjukuu. Ataisha hivyo tu?"

"Na Watiri je?"

"Watiri ni wa nyumbani," akasema Nyawira. "Wa nyumbani anaelewa."

Kingori alikuwa amesimama mlangoni akikwangua tope kwenye gambuti ambazo hazikuwa na tope. Watiri akaisukuma sweta mpaka chini kabisa ya kiondo, akatoa mkebe wa njahi, akauweka mezani, akasema mzazi ale zingali moto. Kisha akatoka nje, akasimama nyuma ya zizi, akamtazama ng'ombe akitafuna, muda mrefu, mpaka ng'ombe naye akaacha kutafuna akamtazama.

Kesho yake ilimpasa kwenda kumpikia Marlys, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Marlys Engstrand alikuwa amekaribia miaka themanini. Alitoka Minesota, Amerika, ambako kanisa lao lilikuwa na undugu na kanisa la Wamagana, na kila mwaka theluji ya kwao ilipozidi alikuja kukaa katika nyumba ya wageni ya kanisa mpaka huko kupate joto. Ujanani alikuwa muuguzi kusini mwa Tanzania, na Kiswahili alichokiokota huko kilikuwa kisafi kuliko cha mwalimu mkuu. Watu wa Wamagana husema nipe maji. Yeye alisema "naomba maji", hata kwa mtu anayelipwa kumpa, na watoto wa shule walimfuata barabarani wakiombana: naomba jiwe, naomba kamasi.

Kazi yake ya uzeeni ilikuwa kuwatafuta wafu wake. Babu ya babu yake, Nils, aliondoka Uswidi mwaka wa njaa, kutoka shamba la mawe ambalo hata magugu yalilikataa, akavuka na mke wake Kerstin na sanduku moja la mbao lililopakwa rangi ya buluu. Sasa uzao wa Nils umetapakaa Amerika nzima, wakulima wa mahindi, madereva wa malori, wakili mmoja, na kila Jumamosi alasiri, kwao ikiwa asubuhi, walikusanyika kwenye simu zao kumsikiliza Marlys akiwaeleza walikotoka. Wiki nzima alikuwa akichungua vitabu vya kanisa vya Uswidi, ambavyo watu wa huko wamevipiga picha na kuviweka mtandaoni, akitafuta nani alibatizwa, nani alizikwa, nani alihama parokia. Jumamosi aliwagawia alichokipata. Watiri alipika, alifua, na Jumamosi alishika simu, kwa sababu mkono wake hautetemeki.

Hivyo Watiri akawafahamu wote. Alijua kwamba baba yake Nils aliitwa Johan, na kwa hiyo Nils akawa Johansson, mwana wa Johan, na kwamba kila kizazi kilibadilisha jina hivyo mpaka walipofika Amerika wakachoka, wakachukua Engstrand likakaa. Alijua kwamba mtoto akifa, atakayezaliwa baadaye hupewa jina lile lile, ndiyo maana palikuwa na Anna wawili makaburini kabla ya Anna aliyeishi. Hilo la mwisho alilielewa bila kuelezwa. Aliwapenda, kwa namna fulani. Wakati huo bado alikuwa na nafasi moyoni ya kupenda wafu wa watu.

Picha iliyompendeza Marlys kuliko zote ilikuwa ya mbele ya nyumba ya mbao. Nils na ndevu zake, Kerstin, watoto sita, mbwa, na kando kabisa mwanamke mmoja mwembamba, bega lake moja limekatwa na ukingo wa picha, mkono mmoja umeshika ndoo. Nyuma ya picha mtu alikuwa ameandika majina ya wote. Hata mbwa aliandikwa. Aliitwa Karo. Mwanamke wa ndoo peke yake hakuandikwa.

"Huyu ni nani?" Watiri aliuliza siku alipoiona mara ya kwanza. Wakati huo Nyawira alikuwa mjamzito wa kutembea akijishika kiuno.

"Sijui. Nimewauliza ndugu zangu wote. Hakuna anayejua."

Watiri aliiinamia picha. "Mtoto wa tatu wa kike wa Nils anaitwaje?"

"Hulda."

"Basi huyu ni Hulda. Ni dada yake Nils. Mtoto wa tatu wa kike lazima ni shangazi, na si unaona amekaa karibu na watoto, na ndoo? Huyo ni shangazi." Akamweleza Marlys zamu zote, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na akamalizia kwa haya kidogo, "Kwa mfano kwetu. Kingori akipata msichana sasa, ni mimi."

Marlys alifurahi mpaka akapiga magoti yake kwa viganja. Jumamosi akawaambia jamaa zake kwamba fumbo limefumbuliwa Wamagana, na mioyo midogo myekundu ikapanda kwenye kioo cha simu kama mapovu. Lakini wiki iliyofuata binamu mmoja wa Nebraska aliandika kwamba hapana. Kwao haikuwa hivyo. Nils hakuwahi kuwa na dada. Mtoto aliitwa Hulda kwa sababu mama yake alilisikia jina hilo mjini likampendeza.

"Likampendeza tu?" Watiri aliuliza.

"Likampendeza tu," akasema Marlys.

Watiri alirudi kwenye sufuria akiwawaza watu wa aina hiyo, wanaookota jina kama mtu anavyookota kitambaa sokoni. Na huyo wa ndoo akabaki alivyokuwa.

Sasa mtoto wa Kingori alikuwa amezaliwa msichana, na Watiri akakaa jikoni kwa Marlys akikwangua viazi. Chumbani Marlys alikuwa akiimba. Alikuwa amechapisha picha ya mtoto huko Nyeri mjini na kuibandika ukutani, chini ya Nils na Kerstin, mstari mwembamba wa kalamu ukiwaunganisha, na Watiri alitakiwa kupangusa vumbi ukuta ule kila asubuhi.

Hakuwa mtu wa kuvunja vyombo. Wivu wake ulikuwa wa kimya. Alichemsha chai ikanuka moshi. Alianika shuka za Marlys upande usio na jua. Aliacha ukungu ukae kwenye dirisha la kuangalia Mlima Kenya, ule mlima ambao Marlys alipenda kuutafuta kila alfajiri, na bibi akalifuta kwa mkono wa sweta yake mwenyewe bila kulalamika. Hilo likamuudhi zaidi. Mtu asiyelalamika ni vigumu kumwonea.

Alimwonea wivu kwa mambo mengi, moja likivuta lingine. Kwamba ana baba wa babu, na baba wa huyo, mpaka karne ambazo Watiri hakuzifahamu, wote wameandikwa na mchungaji wao, siku ya kuzaliwa na siku ya homa iliyowaua. Watiri na Kingori hawakuwa hata na picha ya baba yao Theuri, ila ile ya kitambulisho, ambayo uso umefifia mpaka inaweza kuwa ya mtu yeyote mwenye masikio. Kwamba watu wa nchi nzima huamka Jumamosi kumsikiliza. Na mtu mwenye vyote hivyo, mwenye wafu wanaojaza ukuta, ndiye aliyepewa na mtoto pia.

Kwa Nyawira wivu ulikuwa wa aina nyingine, wa tumboni. Nyawira alikuwa ameanza kutembea shingo ikiwa juu. Marlys alimtembelea na ndizi, akamtembelea tena na blanketi. Akina mama waliokuwa wakimsikitikia Watiri walianza kupita kwa Nyawira kuonja chai yenye maziwa mengi. Na wakati mwingine, Mungu amsamehe, Watiri alimwonea wivu hata yule mtoto, aliyelala tu, hajafanya lolote, na ana jina.

Ubatizo ulipangwa Jumapili. Alhamisi yake Marlys alimwita kutoka jikoni.

"Watiri, naomba ukae."

Watiri akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Nimengoja uniambie wewe mwenyewe," akasema Marlys. "Naona hutaniambia. Wewe ni mtu wa kuficha wema."

"Wema gani, Shosho?"

"Nyawira alipokuja kuniomba nikubali jina, nilikumbuka ulichonifundisha. Nikamwambia, hapana, mtoto wa tatu wa kike ni wa shangazi, hilo ni la Watiri. Akaniambia ni wewe uliyesema. Kwamba uliniona sina mtu wa kuniendeleza, ukasema zamu yako nipewe mimi." Bibi akavua miwani. "Nililia, Watiri. Katika familia yetu yote sijaona mtu aliyempa mwenzake kitu kama hicho. Jumamosi nataka kuwaambia jamaa zangu."

Kwa hiyo machozi ya kwenye hadithi ya Mama Gathogo yalikuwa ya kweli. Yalikuwa yamehamishwa mahali tu.

Watiri alitazama mikono yake. Neno lilikuwa hapo, dogo, rahisi: sikusema. Lakini alimwona bibi akipangusa miwani kwa pindo la sketi, akaona na yale yatakayofuata. Bibi atalia kilio kingine. Nyawira ataapa kwa watoto wake. Kijiji kizima kitasema Watiri anamwonea kijicho mzee wa watu, na kitakuwa kinasema kweli. Na pia, hili hakupenda kulitazama sana, palikuwa na utamu mdogo katika kuangaliwa vile Marlys alivyokuwa akimwangalia. Hakuna mtu aliyewahi kumwangalia hivyo kwa jambo alilolifanya, sembuse asilolifanya.

"Chai inapoa, Shosho," akasema.

Ijumaa alimfuata Kingori kwenye nepia, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe.

"Ulijua?"

"Nijue nini?" Kingori hakuacha kukata.

"Mke wako alimwambia Shosho ati nimetoa jina yangu."

Panga lilipita mashina kadhaa. "Hayo ni mambo yenu ya wanawake. Mimi sitaki kuingia hapo katikati."

"Jina ni la baba kutoa."

"Watu wamealikwa, Watiri. Pasta amejua. Sasa unataka nisimame Jumapili niseme nini, ati tulikosea tukapea Mzungu? Jina ni jina tu. Kwani tutaacha kukupenda?"

"Wangui ukimgombeza unamwita mama," akasema Watiri. "Kama jina ni jina tu, mwite Wangui peke yake."

Kingori akainama kufunga mzigo wake wa nepia. Aliufunga, akaufungua, akaufunga tena. Watiri alipoona hatapata kingine, akateremka.

Jumamosi, Watiri akipanda kwenda nyumba ya kanisa, Nyawira alimpata njiani. Mtoto alikuwa mgongoni, amefunikwa blanketi la Marlys.

"Wifi, mbona unaninunia? Hata hizo njahi ulizoniletea zilikuwa chungu."

"Zilipikwa vizuri."

"Zilipikwa na mdomo umefungwa. Zilikuwa chungu." Nyawira alicheka kidogo, kisha akaacha. "Nakujua. Unasema nimeuza jina kwa Mzungu."

"Umesema uongo juu yangu."

"Nimesema." Walitembea hatua kadhaa. "Ningekuja kwako niseme, Watiri, toa, ungetoa?"

"Hapana."

"Sasa." Nyawira alimpandisha mtoto mgongoni. "Wewe ni mtu mzuri, hakuna mtu anasema wewe si mzuri. Lakini niambie ukweli, hilo jina limekufungulia mlango gani? Shule ulingoja. Bwana ulingoja. Mtoto umengoja. Huyu wangu akija duniani akiwa wewe, si atakuja kusimama hapo kando pia, akishikia watu vitu? Mimi ni mama. Sikutaka angoje."

Alisema bila ubaya, kama mtu anayeeleza bei ya nyanya. Watiri akahamishia kiondo bega la pili. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, na kwa matusi alikuwa na majibu. Sweta ilikuwa chini ya kiondo chake. Aliichukua asubuhi bila kujua kwa nini, na sasa kiondo kilikuwa kizito kama kimetiwa mawe.

Marlys alikuwa ameketi kwenye ubaraza, amevaa gauni la buluu, mezani mbele yake ile picha ya nyumba ya mbao. Upepo ulikuwa ukishuka kutoka Nyandarua. Nyawira akaketi karibu naye, akampa mtoto. Kingori, aliyewafuata nyuma, alibaki kwenye geti akiongea na mtu wa boda boda kuhusu mvua. Watiri alishika simu ya bibi kama kila Jumamosi, mikono miwili, viwiko vimebanwa mbavuni, akabonyeza mahali pekundu, na mmoja mmoja watu wa Amerika wakaanza kuingia. Good morning. Good morning from the farm. Mioyo ikaanza kupanda.

"Mtoto ana baridi," Marlys alimwambia kwa Kiswahili, akishikilia vidole vya mtoto. "Naomba kitu cha kumfunika kichwa. Kuna kofia?"

Kiondo kilikuwa kati ya miguu ya Watiri. "Hakuna," akasema.

Nyawira alikitazama kiondo, akamtazama Watiri, akavuta blanketi juu ya kichwa cha mtoto. Uso mzima ukapotea.

Marlys akawageukia watu wake, kwa Kiingereza. Watiri alishika maneno aliyoweza kuyashika. Alisema huyu ni Marlys, mdogo wenu kuliko wote. Alisema mahali hapa jina ni zamu, na zamu hii ilikuwa ya mtu mwingine, na mtu huyo ametoa, na ndiye mnayemjua kwa mikono yake tu, kwa maana Jumamosi zote hizi hamjawahi kuona uso wake. Mioyo ilipanda kwa wingi mpaka ikamfunika mtoto. Mtu aliandika, bless her. Mwingine aliandika, what is her name?

Marlys hakuliona swali. Macho yake hayakuwa na nguvu hiyo. Alikuwa ameinua ile picha, kama afanyavyo kila mara kabla ya kufunga, na kidole chake kilikuwa kando, kwenye yule mwanamke mwenye ndoo.

"And this one," akasema. "We still don't know. If anybody knows, please."

Kioo kikatulia. Kila Jumamosi hapo ndipo watu hunyamaza, kwa sababu hakuna anayejua. Watiri alimwangalia yule mwanamke kupitia simu, mdogo kama mbegu, bega lake limekatwa. Aliona kwa mara ya kwanza kwamba hakuwa akiangalia mpiga picha. Alikuwa akiangalia watoto.

"Shosho," akasema.

Sauti yake ilitoka nyuma ya simu, karibu sana, na Marlys akashtuka kama mtu aliyeitwa na kiti.

"Shosho, sikutoa. Hawakuniuliza. Jina la huyo mtoto ni langu." Mkono wake haukutetemeka. "Naomba unirudishie kabla ya kesho."

Nyawira aliinamisha kichwa akaanza kuokota nyuzi za blanketi. Pale getini Kingori aligeuka, na mtu wa boda boda akageuka naye. Marlys alimtazama mtoto aliyekuwa mapajani mwake, akafunua blanketi taratibu mpaka uso ukaonekana, akautazama ule uso, mdomo wake mwenyewe ukiwa wazi kidogo, na picha ya nyumba ya mbao ikiwa imelala kifudifudi mezani.

Watiri aliendelea kushika simu. Wale wa Amerika hawakujua Kiswahili, na mioyo yao ikaanza tena kupanda, mmoja, kisha mingi.